Maswali yenu: Hadithi ya huzuni, katuni bila neno hata moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mchoraji, natengeneza animesheni fupi kutoka ile hadithi ya Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark, ya msichana muuza viberiti, na nimeamua isiwe na maneno kabisa, hakuna msimulizi wala maandishi kwenye skrini. Storibodi (michoro ya kupanga matukio ya filamu) nimemaliza ila kila ninayemwonyesha ananiambia mwisho unaumiza mno, eti apite mtu amwokoe yule binti. Wengine wanauliza kwa nini asirudi tu kwao, na mi nashindwa kuwajibu manake kwenye picha zangu hamna jibu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kufika hapo, wengi huishia kwenye wazo tu.

Kwa ambao hawaikumbuki hadithi: ni usiku wa kuamkia mwaka mpya, theluji inaanguka, binti maskini anauza viberiti mtaani, kichwa wazi, miguu peku, siku nzima hajauza hata kimoja. Anajikunyata kwenye kona ya nyumba mbili, anawasha njiti ajipashe moto, na kwenye ule mwanga anaona jiko la chuma linawaka, njiti ya pili anaona meza ina bata bukini wa kuchoma, ya tatu mti wa Krismasi, ya nne bibi yake aliyeshafariki. Njiti ikizimika kila kitu kinapotea. Basi anaziwasha zote zilizobaki kwa mpigo ili bibi asiondoke, bibi anamchukua, asubuhi watu wanamkuta ameganda ukutani, ana tabasamu, na mkononi njiti zilizoungua.

Mwisho usiuguse. Nasema hivyo kwa sababu ya sentensi zile za mwisho za Andersen, zisome tena taratibu: watu wanasema alitaka kujipasha moto, halafu anaongeza kwamba hakuna aliyejua ni uzuri gani alikuwa ameuona. Hakuna, isipokuwa wewe msomaji. Hapo ndo hadithi ilipo. Sisi tumekaa naye kwenye ile kona, tumeona jiko na mti na bibi, alafu asubuhi wanakuja watu wazima wenye makoti wanaona mtoto na vijiti vyeusi basi. Ukimleta mwokozi unatupokonya ule ushahidi wetu, maana sasa kuna mtu mwingine anayejua, na mtazamaji anaenda kulala vizuri kana kwamba mtoto hakupitwa na mtaa mzima.

Na kwa katuni isiyo na maneno hii ni bahati kwako, wala si mzigo. Mwandishi ilibidi atuambie kwamba watu hawakujua, wewe huhitaji kusema. Mwanzoni weka kamera yako chini, usawa wa macho ya mtoto, watu wapite tukiona magoti na mapindo ya makoti tu. Mwishoni rudia fremu ileile, kona ileile, miguu ileile, ila safari hii imesimama. Kwa mara ya kwanza wamesimama. Usitoe machozi wala kusogeza kamera usoni, we acha ile miguu isimame sekunde kadhaa.

Sasa kuhusu kurudi nyumbani, hapo waliokuuliza wako sahihi kabisa na usiwapuuze. Kwenye hadithi imeandikwa wazi kwamba anaogopa baba atampiga kwa kuwa hajauza, na kwamba hata huko kwao ni baridi vilevile, upepo unapita darini japo nyufa zimezibwa majani na matambara. Ni hofu ambayo Andersen aliijua kwa karibu, mama yake mwenyewe alipokuwa mtoto alitumwa na wazazi kwenda kuomba, na yeye akaishia kukaa chini ya daraja akilia. We utaichoraje hofu ya nyumbani bila neno? Wengi watakimbilia kuonyesha kumbukumbu, baba kanyanyua mkono, kivuli ukutani. Mi siipendi hiyo, inageuza filamu kuwa ya baba. Jaribu hivi: binti anainuka aende, anapiga hatua 2, mkono unaingia mfukoni unatoka mtupu, anaangalia bando la viberiti bado limejaa, anaangalia upande anakotaka kwenda, mabega yanapanda juu kidogo kama mtu anayesubiri kofi, alafu anarudi kukaa. Mabega tu. Mtoto yeyote atakayeangalia ataelewa kabla ya mzazi wake.

Kwa bibi kuna tatizo kama hilo, tutajuaje ni bibi na tutajuaje alishakufa? Kwenye maandishi bibi aliwahi kumwambia kwamba nyota ikianguka kuna roho inapaa kwa Mungu. Usemi huo uache nje, mzuri lakini ni wa masikio. Uhamishe kwenye kitu: binti amejifunga mtandio mkuukuu uliochanika upindo, anaunusa mara moja mwanzoni, na bibi anapotokea kajifunga mtandio uleule ukiwa mpya, rangi zote zipo. Ile nyota ibakize, mishumaa ya mti inapanda inakuwa nyota na moja inadondoka, macho yataipokea hata bila maelezo.

Jambo jingine na hili ndo ningependa ulifanyie kazi zaidi kuliko yote. Kabla hujachora, chukua kiberiti uende chumba chenye giza, washa njiti 5 moja moja, saa iwe karibu. Angalia vizuri. Kichwa kinalipuka kwa mwanga mkali mweupe na moshi, alafu moto unanywea ghafla mpaka unadhani unazima, alafu unashika mti, unatulia, unakuwa wa njano na chini una ubuluu, kijiti kinaanza kuwa cheusi na kujikunja kuelekea vidole, unabaki mwekundu kwenye ncha, unazima, na unabaki uzi wa moshi unaopanda ukikatika. Hiyo ni filamu nzima ndani ya njiti moja. Ndoto ifuate hatua hizo: iruke kwa mlipuko, inywee, itulie pale moto unapotulia, ianze kujikunja pembeni pale kijiti kinapojikunja. Na baada ya kila njiti turudishe ukutani, jiwe tupu, giza, na usitutoe hapo haraka. Nimeona watu wanaharakisha giza kwa kuogopa mtazamaji atachoka, kumbe huzuni yote iko kwenye lile giza, ndoto zenyewe ni furaha. Ya kwanza giza liwe fupi, ya pili lirefuke, ya tatu lirefuke zaidi, ili tukifika kwa bibi tuwe tunaogopa giza kama yeye anavyoliogopa, hapo akikwaruza bando zima tutakuwa tunamwombea awahi.

Ukikata tamaa kumbuka hadithi yenyewe ilianza na mchoro. Mwaka 1845 mhariri wa kalenda moja ya Denmark alimtumia Andersen michoro ili achague mmoja auandikie hadithi, naye akachagua wa mtoto mwenye viberiti. Kwa hiyo we unairudisha ilikotoka. Na imewahi kufanyika bila maneno, Disney walitoa filamu fupi ya hadithi hii mwaka 2006, aliyeiongoza ni Roger Allers, wakaihamishia Urusi na kuiweka juu ya muziki wa mtunzi wa Kirusi Alexander Borodin, na mwisho hawakuulainisha. Ilifika mpaka kuteuliwa kwenye Oscar.

SWALI: Mwalimu, kama hakuna maneno si muziki unabidi ujaze muda wote? Na nikitumia muziki wa zamani nitadaiwa?

JIBU: Hapana, bila maneno haimaanishi bila sauti, na wala haimaanishi muziki mfululizo. Theluji chini ya nyayo tupu ina sauti yake, pumzi ina sauti, na njiti ikikwaruzwa ina sauti ambayo Andersen mwenyewe alihangaika kuiandika kwa herufi. Mi ningeacha ukuta ubaki na upepo tu, muziki uje na moto uondoke na moto. Kwenye giza la mwisho hata upepo uzime.

Kuhusu kudaiwa: kwarteti ya Borodin (utunzi wa vyombo vinne vya nyuzi) waliyotumia hao Disney ni ya mwaka 1881 na mwenyewe alifariki 1887, kwa hiyo utunzi hauna mwenyewe tena. Ila rekodi ina mwenyewe! Aliyeipiga na kuirekodi juzi ana haki zake, hivyo tafuta wanamuziki wakupigie au tumia rekodi ambayo wameiruhusu kwa maandishi. Hadithi ni hivyohivyo, Andersen alifariki 1875, hadithi ni ya wote, lakini tafsiri unayoisoma inaweza kuwa na mwenye haki.

SWALI: Watoto wakilia je? Mwanangu ana miaka 6.

JIBU: Atalia pengine, na hilo halina ubaya mama. Kaa naye, usimwache aangalie peke yake, ikiisha usiwahi kumwambia "ni katuni tu." Mwulize aliona nini kwenye moto. Watoto wengi wataanza na yule bata anayeshuka mezani na kisu na uma mgongoni, wakimaliza kumcheka ndo wanakuja kwa bibi wenyewe, kwa muda wao. Akiwa amefiwa na mtu karibuni lakini, subiri kwanza.

SWALI: Niko peke yangu, nachora kwa mkono. Dakika ngapi zinafaa?

JIBU: Piga hesabu kwanza ndugu yangu. Filamu inaenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu 2 ni michoro 12. Dakika 5 ni michoro 3,600, na hapo hujagusa mandhari. Dakika 4 ni 2,880. Hadithi hii inakubali dakika 4 bila kulalamika, kwa sababu ukuta hausogei, mtoto akiganda hasogei, na theluji ukiichora mzunguko mmoja mzuri inajirudia. Nguvu zako zote peleka kwenye moto na vidole. Unganisha picha za storibodi na sauti kwanza uangalie mwendo wake, mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi kabisa, alafu mwombe akusimulie alichokiona. Akishindwa kumtambua bibi, rudi kwenye mtandio kabla hujachora kingine chochote.