Kabla hujalipa karo ya chuo cha onlaini, uliza ofisi yao iko wapi

Juzi mpwa wangu wa Kiembeni alinipigia simu, binti ya dadangu huyo, shikamoo mamdogo, marahaba mwanangu, halafu hata hakupumua, akaniambia nimepata chuo, ni cha onlaini, kiko Uingereza, nasoma hapa hapa nyumbani, fomu nshajaza imebaki kulipa tu. Nkampa hongera kisha nkamwambia asitume hata shilingi mpaka tuonane. Alininunia kidogo, nadhani aliona namvunja moyo. Basi haya ndo niliyomweleza tulipokaa, na nayaandika kwa sababu najua si yeye peke yake, Mombasa hii sasa ukiingia nyumba tatu utamkuta mmoja anasomea kwa simu.

Mimi nafanya kazi Changamwe, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2022 nliamua kusomea digrii ya ununuzi na ugavi, nkaangalia vyuo vya hapa, nkaangalia vya nje, nkachagua cha nje, huko huko Uingereza. Ajenti wa chuo alikuwa mtu mzuri, anapokea simu hata saa mbili usiku, na niliona kama masomo yote ni kwa laptopu basi chuo kiwe Tudor ama kiwe ng'ambo kuna tofauti gani? Ndivyo nilivyofikiri, na ndivyo mpwa wangu anavyofikiri leo.

Tofauti ya kwanza niliiona kwenye pesa. Karo ilikuwa dola 600 kila semista. Nlipoanza dola ilikuwa kwenye shilingi 120 hivi, kwa hiyo ni kama 72,000, ikawa ngumu lakini nikaimudu. Kufika mwanzo wa 2024 dola imegonga karibu 160, karo ni ile ile dola 600 hawajaongeza hata senti, lakini mimi natafuta 96,000 na mshahara wangu ni wa shilingi. Baadaye dola ilishuka, ndiyo, lakini karo hailipwi baadaye, inalipwa wiki mbili kabla ya semista la sivyo potali, ile tovuti ya wanafunzi, inafungwa.

Tofauti ya pili ni saa, na hii naomba uisome taratibu kwa sababu hakuna ajenti atakayekwambia. Wenzetu wa Uingereza wana mtindo wa kubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha nyuma. Sisi saa yetu haijui mambo hayo. Kwa hiyo darasa lao la saa moja jioni kwetu huwa saa nne usiku wakati wa baridi yao, halafu ghafla inakuwa saa tatu. Mwaka 2024 hiyo Jumapili iliangukia tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Siku mbili baadaye nilikuwa na jaribio la saa nzima. Nkafuturu, nkaenda tarawehe, nkarudi saa tatu na nusu, nkaosha vyombo, nkakaa saa nne kamili na kalamu mkononi, nafungua naona jaribio limefungwa. Limeanza saa tatu, limeisha saa nne. Niliandika barua pepe usiku ule ule na jibu lilikuja siku ya kumi na moja, likasema ratiba ilikuwa imewekwa wazi kwa saa za Uingereza. Kweli ilikuwa imewekwa. Lakini siku kumi na moja nakaa na roho juu, sina pa kwenda kugonga mlango.

Na mtihani mmoja waliuweka tarehe 10 Aprili, siku ya Idd. Hapa nchini Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa, chuo cha Mombasa hakiwezi hata kufikiria kuweka mtihani siku hiyo. Nyumbani wageni wameanza kuingia tangu asubuhi, mimi nimejifungia chumbani na kamera ya laptopu inaniangalia usoni kwa sababu mtihani wenyewe unasimamiwa kwa kamera, hutakiwi kuongea, hutakiwi kuangalia pembeni. Mamangu maskini akafungua mlango aniletee chai ya tangawizi na mahamri. Programu ikarekodi kwamba kuna mtu wa pili chumbani. Ilibidi niandike maelezo kurasa mbili kueleza kwamba yule ni mama yangu na kile ni kikombe.

Halafu ikaja Mei. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kusini upande wa Afrika Kusini na mtandao wa ukanda mzima huu ukawa unakokota. Ajabu ni kwamba nyaya hizi zinaingilia nchi hii hapa hapa kwetu Mombasa, SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy mwaka uliofuata, yaani tunakaa mlangoni kabisa mwa intaneti na bado kesho yake Jumatatu sikuweza kutuma faili moja. Nlizunguka na laptopu kutoka nyumbani Mlaleo hadi ofisini hadi saiba ya Mwembe Tayari. Mwenzangu wa ofisini, anayesoma chuo cha hapa mjini, naye potali ilimgomea vile vile. Yeye alitia kazi yake kwenye fleshi, akapanda matatu saa ya chakula cha mchana, akampa karani wa idara mkononi, akarudi kazini kabla ya saa nane. Hapo ndo nlikaa chini nkafikiri upya.

Septemba mwaka ule nlihamia chuo cha Mombasa, bado ni onlaini, mihadhara nasikiliza usiku watoto wakilala. Kuhama kwenyewe kuliniuma, nilikuwa nimemaliza yuniti, yaani masomo, saba na walinikubalia tatu tu. Hili nalo mwulize ajenti wako mapema, nikitoka kwenu yuniti zangu zitapokewa wapi, ukiona anazungukazunguka ujue.

Sisemi vyuo vya karibu havina shida, shida ziko tena nyingi. Walimu wengine hawapandishi noti mpaka wiki moja kabla ya mtihani. Darasa linaahirishwa dakika kumi kabla ya kuanza. Na ule ugonjwa wa maksi kupotea, kila aliyesoma chuo kikuu nchi hii anaujua, mimi pia ulinipata, yuniti moja ikawa haina alama kabisa kwenye potali, kana kwamba sikufanya mtihani. Lakini tazama ilivyoisha. Nliomba ruhusa asubuhi, nauli ya kwenda na kurudi haikufika hata mia mbili, nkamkuta karani, akatoa bahasha ya karatasi zetu, tukatafuta pamoja, tukakuta yangu imeingizwa kwa namba ya usajili ya mtu mwingine. Nusu saa. Kwa hiyo mimi nikisema chuo kiko karibu sipimi kilomita kutoka kwangu hadi getini, napima itanichukua muda gani kumfikia mtu mwenye uwezo wa kurekebisha jambo langu.

Ndo maana hata cha Nairobi kinaweza kuwa mbali. Vingi hufundisha onlaini lakini mtihani wa mwisho unataka ukae darasani mwenyewe, sasa swali ni darasa gani. Kama wana kituo cha mtihani Mombasa, sawa. Kama ni Nairobi, piga hesabu, tangu Januari 2024 tikiti ya kawaida ya treni ya SGR ni 1,500, kwenda na kurudi 3,000, weka malazi, weka chakula, weka siku za kazi ulizokosa, kisha zidisha kwa mara mbili au tatu kwa mwaka. Hiyo ni karo nyingine ambayo haikuandikwa kwenye barua ya kukubaliwa.

Suala la cheti kutambulika nalo usilipuuze. Vyuo vikuu vilivyoidhinishwa hapa nchini, CUE, ile tume ya vyuo vikuu, wameweka orodha kwenye tovuti yao, kuangalia ni bure, dakika tano tu. Cheti cha nje kina safari yake ya kuombewa utambuzi kabla ofisi ya serikali haijakipokea. Na kozi nyingine zina bodi zake, sisi wa ununuzi tunasajiliwa na KISM, taasisi yetu ya ununuzi na ugavi, kwa sheria ya 2007, wauguzi wana baraza lao, mainjinia wana bodi yao. Bodi ndo ya kuulizwa kwanza, kabla ya chuo. Na kama umeajiriwa, HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mkopo unaitwa Jielimishe, ni wa kina sisi tunaosoma huku tunafanya kazi, ukiwa chuo cha ng'ambo usiuhesabu.

Nisieleweke vibaya, kusoma kwa mbali si utapeli. Afrika Kusini UNISA wanafundisha hivyo tangu 1946, majirani zetu Tanzania wana Chuo Kikuu Huria tangu 1992, na sisi wenyewe Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake 2023. Kuna mtu chuo cha mbali kinamfaa kabisa, kwa mfano kozi yake haifundishwi Pwani yote, ama ana digrii tayari na anatafuta ujuzi mmoja tu, ama mwajiri analipa. Lakini binti wa miaka 19 ametoka KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka jana, hajawahi kusoma bila mwalimu mbele yake, mamake anauza viazi karai jioni ndo alipe karo, huyo kumtupa peke yake na potali ya ng'ambo mimi roho yangu haikubali. Anahitaji mahali ambapo akikwama anaweza kwenda na miguu yake.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa mamdogo, na kama hivi vya hapa pia vitanisumbua?" Nkamwambia vitakusumbua, lakini tutakwenda wote.

Jumatatu nimeomba nusu siku kazini twende chuo cha hapa Mombasa. Tutakutana stejini saa mbili asubuhi, nimemwambia abebe kopi za kitambulisho, matokeo yake ya KCSE na karatasi tuliyoandika maswali, mtihani unafanyiwa wapi, maksi zikipotea namwona nani, na huyo nani ofisi yake ni mlango upi. Nataka karani wa chuo atuoneshe mlango wenyewe. Akishindwa, tutatoka hapo twende chuo kingine, siku itakuwa bado changa.