Pointi 9 za PCB na udaktari wa Muhimbili

Mdogo wangu wa Moshi, unauliza kama B ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia (yaani masomo ya PCB) za kidato cha sita zitakufikisha kwenye udaktari katika chuo kikuu cha Muhimbili. Sifa ya chini unayo, kwani zinatakiwa pointi 6 katika masomo hayo matatu, kila moja likiwa na angalau D, nawe una 9; lakini sifa hiyo inakupa ruhusa ya kuomba tu, kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji hushindanishwa kwa ufaulu. Kwa maoni yangu, uwezekano wako pale ni mdogo. Omba hata hivyo, na uombe pia chuo cha tiba cha KCMC hapo nyumbani Moshi (ushindani nako si haba) pamoja na uuguzi. Ukichaguliwa na vyuo viwili, thibitisha kimoja kabla muda haujaisha.