Umetoka hospitali, kongosho limepoa: maswali ya wasomaji

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, na wengi wetu hatulijui mpaka siku linapovimba. Kazi zake ni mbili: kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula na kutoa insulini ya kudhibiti sukari. Likivimba ghafla, vimeng'enya huamka kabla ya kufika kwenye utumbo na kuanza kulisaga kongosho lenyewe. Ndiyo maana maumivu yake hayasimuliki. Wagonjwa 4 hivi kati ya 5 huugua kwa kiasi na kuruhusiwa baada ya wiki moja au karibu na hapo. Barua zenu nyingi zinaanzia hapo: nimeruhusiwa, sasa nifanyeje?

Kabla sijajibu, chukua karatasi yako ya kuruhusiwa uisome. Imeandika chanzo? Pombe, mawe ya nyongo, mafuta ya damu, dawa fulani, minyoo iliyopanda kwenye mrija? Kama imeandika tu kwamba kongosho lilivimba, rudi ukaulize. Wagonjwa wawili waliolala wodi moja kwa ugonjwa huu wanaweza kuhitaji maisha tofauti kabisa baada ya hapo, na ushauri mwingi wa mitaani unakosea kwa sababu unamjibu mmoja kwa tatizo la mwingine.

Daktari, mimi ni wa Moshi, miaka 41. Nililazwa kwa kongosho na sitaficha, ni pombe. Sasa nina nguvu. Nikimaliza miezi sita bila kunywa, naweza kurudia bia mbili za Jumamosi? Na mbege je, maana ile kwetu ni chakula?

Hapana, kaka. Na mbege pia hapana. Najua Uchagani mbege haikosekani msibani wala harusini, na kukataa kata mbele ya wazee si jambo dogo, ila kongosho haliulizi kama kilevi kimetoka kwenye ndizi, shayiri au miwa. Kwa mtu ambaye pombe imeshamlaza, sina kiasi ninachoweza kumwandikia nikasema hiki ni salama. Akirudia kunywa, hatari ya kulazwa tena ni kubwa, na kila shambulio huacha kovu. Makovu yakijaa, ugonjwa unakuwa sugu: maumivu yasiyoisha, chakula kisichosagika, kisukari.

Kuna utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2009 ambao naupenda kwa sababu haukutumia dawa yoyote ya ajabu. Wagonjwa 120 waliougua kongosho kwa pombe wote walishauriwa kuacha wakiwa bado hospitalini. Nusu yao waliishia hapo. Nusu nyingine waliitwa kliniki kila miezi 6, wakaketi na muuguzi, wakazungumza tena habari ileile. Katika miaka miwili, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 13 katika kundi la kwanza na 5 katika kundi la pili. Kwa hiyo usiage hospitali moja kwa moja kwa kuwa huumwi. Panga tarehe za kurudi hata kama ni kuongea tu.

Mambo mengine mawili. Kama unavuta sigara, acha nayo, kwa maana sigara peke yake inaumiza kongosho, na ikichanganyika na pombe ni balaa. Na kama umesharudia kunywa kila siku tangu utoke, usikate ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mnywaji wa kila siku akikatisha anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege. Nenda kituo cha afya wakusimamie. Kuhusu wazee na kata yao, tafuta mjomba mmoja anayesikilizwa, umweleze ukweli mapema, yeye ndiye akusemee siku ya sherehe. Mgonjwa anayejitetea mwenyewe mbele ya meza iliyojaa chupa huwa anashindwa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Mombasa. Niliambiwa mawe ya nyongo ndiyo yaliziba njia. Upasuaji nimepangiwa mbali sana na sasa siumwi. Jirani ananihimiza ninywe ndimu na mafuta ya zeituni, eti yeye aliyaona mawe yakitoka chooni. Nikatwe kweli?

Ukatwe, mama, na ikiwezekana tarehe isogezwe mbele. Mrija wa nyongo na mrija wa kongosho huungana karibu na mlango wa utumbo mdogo. Jiwe likikwama pale, yote miwili inaziba. Lililokulaza huenda limepita, lakini kifuko kilichotengeneza jiwe hilo bado unacho, na mara nyingi kina mengine. Mwaka 2015 madaktari wa Uholanzi walilinganisha waliotolewa kifuko kabla ya kuruhusiwa na waliosubiri kama wiki nne. Miongoni mwa waliosubiri, 17 kati ya kila 100 walirudi hospitali kwa matatizo ya mawe au walifariki. Kwa waliopasuliwa mapema walikuwa 5. Huo ni mwezi mmoja tu wa kungoja.

Yale madonge ya kijani jirani yako aliyoyaona chooni ni mafuta na maji ya ndimu yaliyogandamana tumboni na kuwa kama sabuni. Mawe yake yapo palepale. Tena mafuta mengi kwa mpigo hukifanya kifuko kijikamue kwa nguvu, na hivyo ndivyo jiwe linavyosukumwa kwenye mrija.

Kuishi bila kifuko cha nyongo kunawezekana kabisa. Ini linaendelea kutengeneza nyongo na kuimimina utumboni kidogo kidogo. Wengine huharisha kwa majuma ya mwanzo wakila mafuta mengi, halafu hali hutulia. Nikuulize na jambo moja: je, wewe au mmoja wa watoto ana selimundu (sickle cell)? Ugonjwa huo huzalisha mawe ya nyongo hata kwa watoto wadogo, na daktari wa upasuaji anatakiwa kulijua kabla ya kukulaza.

Nile nini? Kila mtu ana orodha yake. Dada yangu ananipa uji mtupu, mama mkwe anasema supu ya makongoro ndiyo inarudisha nguvu. Msomaji wa Tanga.

Pole, umewekwa kati ya majiko mawili. Uji mtupu hautakurudisha. Mwili uliotoka kwenye uvimbe mkubwa unadai protini, na wengi huruhusiwa wakiwa wamepungua sana. Makongoro nayo yana mafuta mengi mno kwa wiki za mwanzo. Kama mama mkwe hakubali kushindwa, apike supu ya kuku aliyetolewa ngozi, aiache ipoe kabisa, aengue mafuta yaliyoganda juu, ndipo aipashe.

Kula kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani mbili zilizofurika. Samaki wa kuchemsha au kupaka kwa tui jepesi, dagaa waliochemshwa, mayai ya kuchemsha, maziwa yaliyopunguzwa mafuta, ndizi za kupika, viazi vitamu, ugali, wali. Maharage na kunde ni vizuri, ila anza na vijiko viwili hivi uone gesi itakusumbua kiasi gani. Wali wa nazi kwa mtu wa Tanga siwezi kuufuta, nitasingiziwa uadui; tumia tui la pili, lile jepesi, na tui zito liachie wengine. Chipsi, mihogo ya kukaanga, kitimoto, kuku wa kukaanga na nyama choma yenye mafuta vikae pembeni kwa wiki kadhaa.

Baadaye inategemea chanzo. Kama yalikuwa mawe, kifuko kimetolewa na kongosho limepona, hakuna sababu ya kuishi bila mafuta maisha yako yote. Nimeona watu waliokonda kwa woga kuliko kwa ugonjwa. Kama chanzo kilikuwa mafuta ya damu, soma jibu linalofuata.

Mafuta yangu ya damu, trigliseridi, yalipimwa yakawa juu ya 1,000. Sinywi pombe, sina mawe. Nairobi.

Wewe ndiye hasa unayehitaji lishe kali na dawa za muda mrefu. Trigliseridi zikizidi miligramu 1,000 kwa desilita, ambazo maabara zingine huandika milimoli 11.3 kwa lita, hatari ya kongosho kuvimba hupanda sana. Lengo ni kuzishusha chini ya 500, yaani 5.6, na kuzibakiza huko. Wagonjwa wengi husahau kwamba sukari na wanga uliokobolewa nao hugeuka kuwa mafuta hayo: soda, juisi za paketi, mandazi, chai yenye vijiko vinne. Upimwe na kisukari, kwa sababu kisichodhibitiwa hupandisha trigliseridi. Tezi ya shingo nayo ipimwe. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni amwambie daktari. Ndugu zako wa damu pia wapimwe, maana tatizo hili mara nyingi hutembea kwenye ukoo.

Assalaam aleikum daktari. Kongosho langu liliharibika sehemu kubwa, nilikaa hospitali muda mrefu. Sasa choo changu kinaelea, kina mafuta, kinanuka vibaya, na uzito unashuka ingawa nakula. Nimeandikiwa kapsuli za vimeng'enya, nikasoma kwenye karatasi kwamba zinatokana na nguruwe. Na Ramadhani inakuja. Unguja.

Waaleikumu salaam. Dalili ulizozieleza ni za kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha. Kuna kipimo cha choo cha kuthibitisha, kinaitwa elastasi, ingawa hakipatikani kila mahali, na daktari anaweza kuanza matibabu kwa dalili tu.

Ni kweli, kapsuli hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na hakuna mbadala unaofanya kazi sawasawa ulio rahisi kupatikana. Mimi si mwanazuoni. Wagonjwa wangu Waislamu huwa wanakwenda na karatasi ya dawa kwa sheikh wao, na wengi hurudishwa na aya ya 173 ya Suratul Baqara, inayomwondolea dhambi aliyelazimika bila kupenda. Nenda kamuulize wako. Nakuomba tu usiziache kimyakimya, kwa sababu nimewahi kupokea mgonjwa aliyekonda mpaka mifupa akiwa na dawa kabatini.

Ukizitumia, zimeze pamoja na chakula: moja unapoanza kula na nyingine katikati kama umeandikiwa mbili. Ukizimeza kabla au baada ya mlo, chakula kinapita bila kukutana na dawa. Kwa mlo kamili watu wazima wengi huanzia uniti 40,000 hadi 50,000 za lipezi, kimeng'enya kinachosaga mafuta, na nusu yake kwa kitafunio. Usizitafune wala kuzisukuma kwa chai ya moto, joto huviua vimeng'enya. Kwa sababu hiyohiyo, usiache kopo dirishani au ndani ya gari. Na ukiwa nazo usijinyime mafuta kupita kiasi. Kazi yake ni kukuwezesha kuyala. Omba pia upimwe vitamini A, D, E na K, ambazo husafiri na mafuta.

Ramadhani hii ningekushauri usifunge. Unapungua uzito, na kongosho lako halijatulia. Mgonjwa ameruhusiwa kulipa siku nyingine, hilo sheikh atakueleza vizuri kuliko mimi. Ukija kuruhusiwa mwaka mwingine, hatari kubwa itakuwa pale jua linapozama: tumbo tupu la siku nzima kupokea sambusa, bajia na kaimati kwa mkupuo mmoja.

Miezi minne baada ya kuugua nakojoa sana usiku na nina kiu. Kuna uhusiano?

Upo. Pima sukari wiki hii, usingoje. Sukari ya asubuhi kabla hujala kitu ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ni kisukari, ila kipimo hurudiwa kuthibitisha. Katika mwaka wa kwanza baada ya kongosho kuvimba, takribani mtu 1 kati ya 7 hupata kisukari kipya, hata walioumwa kidogo. Hiki kinatokana na kongosho lililoumia, na baadhi huhitaji insulini mapema, kwa hiyo mwambie daktari historia yako yote asikuchukulie kama mgonjwa wa kisukari cha kawaida. Ambaye hana dalili apime baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Kila gesi ikinipanda nadhani limerudi. Nitajuaje? Dodoma.

Gesi hupita, huhama, hupungua ukijamba au ukitembea. Maumivu ya kongosho hukaa palepale juu ya kitovu, huchoma hadi mgongoni, hayaachi kwa saa nyingi, na mara nyingi huja na kutapika. Hayo yakikupata, au ukiona homa, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheusi, au tumbo kujaa na kushiba kwa tonge mbili wiki kadhaa baada ya kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ile ya mwisho huweza kuwa mfuko wa maji uliojijenga kando ya kongosho.

Ukifika mapokezi, maneno yako ya kwanza yawe "niliwahi kulazwa kwa kongosho", kisha uombe kipimo cha damu cha lipezi au amilezi, vimeng'enya vya kongosho. Usiposema, maumivu ya sehemu ile kwetu hupewa jina la vidonda vya tumbo kabla hujakaa kitini, na utarudi nyumbani na omeprazole.

Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Ametoka wiki tatu, hana nguvu, analala mchana, ananikasirikia nikimwambia apumzike. Arudi lini kazini? Kibaha.

Aliyeugua kwa kiasi hurudi kazini baada ya wiki mbili hadi nne. Aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi anaweza kuhitaji miezi. Uchovu wake ni wa kweli, dada, na hasira nyingine ni hofu ya deni la pikipiki. Aanze kwa kutembea asubuhi, aongeze umbali kila siku, na akirudi barabarani aanze na saa chache za mchana. Asiendeshe akiwa ametumia dawa kali za maumivu kama tramadol. Akiwa hali wala halali kwa zaidi ya wiki mbili, au anasema hana faida tena, mpeleke kliniki usiku huohuo wala usingoje tarehe yake. Na mfungie chakula aende nacho, chochote kisicho cha kukaanga, kwa sababu pale kijiweni saa saba mchana hatapata kingine ila chipsi mayai.