Jibu: Choo cha chini kinarudisha maji taka kila masika

Habari mkuu. Kwa hiyo mvua ikikolea, mkiflashi juu, maji yanabubujika kwenye shawa ya chini. Kabla hujaita gari la kunyonya, fungua chemba (kishimo chenye mfuniko cha kukagua bomba la maji taka) iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu, bomba la ndani limeziba. Mara nyingi ni pedi au mafuta ya jikoni yaliyoganda. Ikiwa imejaa, shida iko mbele: shimo la maji taka limejaa au maji ya ardhini yamepanda, na kama ni maji ya ardhini, kunyonya ni nafuu ya muda tu.

Angalia na gata. Mafundi wengi (sijui nani aliwafundisha) huelekeza maji ya bati kwenye chemba. Yahamishie mtaroni, kwangu hilo pekee lilimaliza kero. Maji taka yakizidi kurudi, funga vali ya kuzuia maji kurudi, ila pawe mahali pa kufikika, maana uchafu ukikwama kilango cha vali hakifungi.