Walimu wa kujitolea wananikimbia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mie niko Kisauni, tumefungua darasa la ngumbaru jioni, kina mama kumi na wawili hivi, walimu ni vijana waliomaliza fomu foo wanajitolea tu. Wiki mbili wako sawa alafu wanapotea mmoja mmoja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nauli unawapa? Manake kujitolea si kujilipia matatu, mtu atoke Likoni avuke feri apande gari kila jioni kwa pesa ya mamake, atachoka tu. Pili usimtupie kijana darasa zima, mpe wanafunzi wake wawili watatu, wale wale, akikosa ajue kuna mtu anamngoja. Kuba mwaka 1961 walituma vijana kama laki moja, wengi watoto wa shule, wakakae na familia walizofundisha kusoma na kuandika, lakini walipewa mafunzo kwanza, hawakusukumwa tu na chaki mkononi.

Alafu hivyo vitabu vya nasari weka kando. Nilimuona mama mmoja kapewa kitabu cha picha ya mpira, akakifunga hapo hapo. Siku ya pili akatoa simu, meseji ya M-Pesa, kidole kina unga wa mahamri kinapita kwenye kioo, "U-me-po-ke-a", basi hapo hata kumtoa darasani ikawa kazi!

Na uwaambie vijana wasimsahihishe mtu wa rika la nyanya yao mbele za watu, wainame wamwambie polepole.