Fomu ya duka ibaki dukani

Kila Januari ni yaleyale. Mtu amemaliza fleti zake nane kule Ruiru au Kitengela, rangi haijakauka, anaomba atumiwe "ile fomu ya mkataba." Akiipata anabadilisha majina, anachapisha nakala mbili saibani, sahihi zinatiwa. Hajaisoma, na mpangaji hajaisoma. Wenye nyumba wapya, njooni tusemezane.

1. Acheni kunakili mkataba wa duka. Hili ndilo linalouma, na wengi wetu tulipitia humo kabla ya kujifanya mafundi. Utautambua kwa muda wake: miaka 5 na miezi 3. Muda huo una sababu. Sura 301, sheria ya Kenya ya upangaji wa maduka na hoteli, inamlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa iwapo mkataba wake hauzidi miaka 5, au una kifungu cha kuuvunja kabla ya miaka 5 bila mpangaji kukosea. Ndiyo maana mawakili huongeza ile miezi mitatu, kisha hukiacha nje makusudi kifungu cha notisi. Kwa duka, hesabu inaingia. Wewe umeibandika kwenye nyumba ya vyumba viwili, ambayo Sura 301 haiijui kabisa. Umepata nini? Unataka nyumba yako mwakani binti akiolewa, na mpangaji analipa kila tarehe moja: huna pa kumshikia. Kodi inapanda kwa asilimia iliyopangwa na mtu usiyemjua. Mkataba unaozidi miaka 2 ulipaswa kusajiliwa ofisi ya ardhi; wako umelala kwenye droo. Ushuru wa stempu umekuwa asilimia 2 ya kodi ya mwaka badala ya 1, kwa kuwa umevuka miaka 3, na bila shaka hukulipa. Siku ya kesi, wakili wa mpangaji ana swali moja tu: stempu iko wapi?

2. Chagueni kati ya mbili. Bedsita ambazo watu huja na kuhama, andikeni mwezi kwa mwezi. Kurasa mbili zinatosha. Notisi isipungue mwezi mzima na iishie siku ya kulipa kodi. Ile ya "toka tarehe 11" wakati kodi ni tarehe 1 utairudia. Familia inayotaka kutulia, mpe mwaka mmoja, na notisi ya pande zote mbili. Kodi ya 40,000 ni 480,000 kwa mwaka, stempu 4,800, ndani ya siku 30 tangu sahihi.

3. Mwaka ukiisha usinyamaze. Ukipokea kodi miezi miwili zaidi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inawahesabu kuwa wa mwezi kwa mwezi.

4. Dipoziti: taja kiasi, siku za kurudisha na kinachokatwa. "Nyumba iko katika hali nzuri" ni maneno ya bure. Andika: funguo 3, balbu 7, bomba la sinki linavuja kidogo, kioo cha dirisha la choo kina ufa, mita ya maji 0412. Mpangaji atie sahihi kabla godoro halijashuka kwenye pikapu. Rangi ndiyo vita ya kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo iandikwe nani anapaka na rangi gani. Krimu kuna aina kumi, na fundi wa mpangaji atachagua ya kumi na moja.

5. Ushuru wa mapato ya nyumba, unaokwenda KRA (mamlaka ya mapato): asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea tangu Januari 2024, bila kutoa gharama, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwapo mapato ya mwaka yako kati ya 288,000 na milioni 15.

6. Kifungu cha "mwenye nyumba anaweza kufunga mlango bila notisi" kifute. Anayekamata mali kwa ajili ya kodi ni dalali mwenye leseni. Keataker na kufuli lake wanakutafutia kesi. Na chumba ambacho kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi kina Sura 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, juu yake: kumtoa mpangaji huko kunapitia baraza la kodi za nyumba, hata fomu yako iseme nini.