Krismasi Pili Ipo?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mie nakaa Mbweni, majirani zetu wengi Waislamu na tunaishi vizuri tu. Mwaka jana tarehe 26 asubuhi mtoto wa jirani kaja kavaa nguo mpya ananambia mama, leo si Krismasi pili? Nikabaki nacheka maana pilau lishakwisha na baba watoto keshautoa mvinje, mti wetu wa Krismasi, kwenye ndoo anataka kuutupa. Lakini swali likanikaa. Wenzetu Idi wanakwenda mosi, pili, tatu mpaka nne, sie mbona yetu siku moja tu?
Mama Watatu, Mbweni

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mtoto mpe visheti, kawashinda wenye dini yao! Krismasi pili ipo, na tatu ipo, zinakwenda mpaka kumi na mbili, halafu tarehe 6 Januari ndio Epifania, siku ya mamajusi. Si mambo ya juzi haya, maaskofu walikaa Tours, Ufaransa ya leo, mwaka 567 wakasema siku zote za katikati hapo ni sikukuu. Sie tunakosea mwanzo, Majilio ni wakati wa kungojea lakini Desemba haijafika kati nyimbo zishaimbwa zote na taa zishawaka, ikifika 25 kila mtu hoi.

Sasa usije ukapika mara kumi na mbili, ada za skuli Januari nani atalipa? Kile kile ulichonunua kigawe. Pilau siku ya kwanza, tambi weka tarehe 26 ya Stefano shahidi, 27 ya Mtume Yohana hata chai na mkate wa kumimina inatosha. Tarehe 28 wanakumbukwa wale watoto wa Bethlehemu waliouliwa na Herode, na zamani kwenye baadhi ya nyumba za watawa Ulaya siku hiyo mdogo kuliko wote ndio anakuwa mkubwa, basi na wewe mwache kitinda mimba aamue mnakula nini na nani anaosha vyombo, utaona vituko. Siku moja hapo katikati wapeleke Mkunazini, Mji Mkongwe, wakaone kanisa, jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, pale pale palipokuwa soko la watumwa. Wengi wetu tumepita hapo mara mia hatujui hilo.

Tarehe 1 Januari nayo si mwaka mpya tu, ni siku ya nane, mtoto katahiriwa kapewa jina, soma Luka 2:21.

Epifania ndio mie naipenda kuliko zote (Wakatoliki sehemu nyingi huisogeza Jumapili, msigombane). Mamajusi walileta dhahabu, uvumba (ndio ubani) na manemane, na Unguja nyumba gani haina chetezo? Tia ubani jioni hiyo, wasomee watoto Mathayo sura ya pili huku moshi unapanda, hawatasahau.

Na ukitaka kwenda mbali zaidi hesabu siku arobaini tangu Krismasi, utafika tarehe 2 Februari. Hiyo ndio arobaini ya Mariamu, anatoka uzazini anampeleka mtoto hekaluni, na kanisani mishumaa hubarikiwa. Hapa kwetu mama gani asiyeijua arobaini? Kuna watu zamani waliacha mapambo mpaka siku hiyo, mie mvinje nautoa baada ya Epifania kwa sababu majani yanapukutika na kufagia nafagia mwenyewe.

Jengine, siku ya Epifania chukua chaki uandike juu ya mlango, kama mwaka ni 2026 unaandika 20+C+M+B+26. Herufi hizo ni za maneno ya Kilatini, maana yake Kristo aibariki nyumba hii, wengine husema ni majina ya mamajusi wenyewe, Kaspari, Melkiori na Baltazari. Jirani akikuuliza hiyo hirizi ya nini mwambie dua tu ya nyumba, na sahani ya tambi usisahau kumpelekea.